Ukurasa wa Shukrani

Ukurasa wa nne wa kijitabu nimeusoma mara saba.
Mara ya kwanza kwa jicho la kupita, jicho la asiyejali.
Mara ya pili kwa kidole,
nikianzia kwa Mchungaji Byamungu na mkewe,
nikishuka kwa waimbaji, wapishi, vijana wa vipaza sauti,
hata fundi aliyeziba paa mwaka jana
na bado linavuja.
Miaka ishirini ya kanisa letu hapa Hull,
na mwenye funguo hayumo.

Mwenye funguo ni mimi.
Ibada yetu ni saa mbili asubuhi, kabla ya Waingereza,
kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri
mimi na upepo wa mto Humber tunakutana mlangoni,
nao haumuulizi mtu cheo chake.
Nashuka chini kwenye tangi la kupashia joto.
Nimeliita Goliati. Haliwaki bila teke.
Saa nne na nusu wenzetu wanaingia, wanavua makoti,
wanaambiana kanisa hili lina joto zuri,
kana kwamba joto limeota ukutani.

Nisijifanye mtakatifu.
Mwaka juzi nilihubiri mimi mwenyewe
juu ya mkono wa kushoto usiojua habari za wa kulia.
Nilihubiri vizuri.
Nasema vizuri kwa sababu baadaye nilisimama mlangoni
nikiwahesabu waliosema hivyo.
Walikuwa kumi na mmoja.
Kizuri chajiuza, nikamjibu wa mwisho,
sikio nimelitega kama mchuuzi
anayesikia sarafu ikidondoka.

Basi siku ile ya sherehe, keki ikikatwa juu,
nilishuka jikoni na kijitabu changu kimekunjwa.
Dada Kokushubira alikuwa anaosha vile vikombe vidogo
vya meza ya Bwana, sitini na vinne, kimoja kimoja.
Nikajua: huyu ndiye somo langu.
Huyu hajafungua hata jalada.
Nikamuuliza, nipate kuaibika kama inavyostahili.

Akakiinua kikombe kwenye taa, akakipuliza.
"Nimelitafuta jina langu," akasema,
"mpaka nyuma kabisa, kwenye anwani ya mpiga chapa."
Tukacheka hadi povu likamwingia kwenye miwani.
Kisha hatukucheka.
Akanirushia kitambaa, nikakausha.

Tangu hapo nauwaza usiku ule wa beseni.
Aliyeosha tunamjua. Walioshwa tunawajua,
na yule aliyekataa kwanza tunamjua zaidi.
Lakini maji aliyateka nani?
Na baada ya miguu ishirini na minne
nani alipiga magoti kukausha sakafu?
Huenda naye alirudi kwake akimwambia mkewe:
hawakusema hata asante.
Huenda alisikiliza nyuma ya mlango
kama atatajwa.

Bwana, nimeomba uing'oe njaa hii,
na kila ukiing'oa huota penginepo:
sasa natamani watu waone jinsi nisivyotaka kuonwa.
Hata shairi hili sitalitia sahihi,
ingawa nimekwisha kuwaambia habari za funguo.

Jumapili iliyofuata barafu ilikuwa imeshika ngazi.
Goliati alikula mateke matatu.
Ibada yetu ikaisha, nikabaki nafagia polepole,
polepole kuliko ilivyohitajika,
na Bibi Thwaite, mjane wa kiti cha tatu,
akaingia mapema, akavua glavu,
akaweka kiganja juu ya bomba la joto.
Akafumba macho.
Akakaa hivyo muda mrefu,
kama mtu aliyeshikwa mkono.

Nilikohoa.
Hakugeuka.
Funguo zikalia kidogo mfukoni mwangu,
wala sijui hadi leo
kama ni mimi niliyezitikisa.